Vigae Mia Moja Sitini na Saba

Kila mwaka chuo kimoja hapa Kampala huniletea vijana watatu au wanne waje kujifunza kwa "wazee wa fani". Wanajipanga kwenye kochi langu hapa Nateete, wanafungua kompyuta nyembamba kama kadibodi, na kabla chai haijapoa mmoja wao ananieleza, kwa upole wa mtu anayeleta habari za msiba, kwamba kazi niliyoifanya miaka ishirini na sita siku hizi mashine inaimaliza kwa dakika moja. Huwa nakubali. Kisha namwomba aifanye hiyo dakika moja tukiwa naye hapo. Mara ya mwisho mashine ilitoa jibu safi kabisa, lenye vichwa vidogo na maneno ya shukrani, na hesabu yake haikuwa sahihi. Kijana alilisoma lote kwa sauti bila hata kukunja uso. Sikumcheka. Zamani na mimi nilisoma jibu la namna hiyo, kwa sauti ya namna hiyo, na mtu akafukuzwa kazi.

Kwa hiyo msidhani ninyi ndio wa kwanza kuwa wajinga mbele ya kioo chenye mwanga. Sisi tuliwatangulia, na kioo chetu kilikuwa kizito zaidi.

Jina langu ni Nekesa, mzaliwa wa Bungoma. Nilisoma hisabati, nikaja Kampala kumfuata mume aliyekuwa akiuza vipuri vya magari. Mume alichoka akarudi Kenya; mimi nilikuwa nimeshapata kazi, nikabaki. Kazi ilidumu kuliko ndoa. Ilikuwa katika kiwanda cha vigae vya simenti hapahapa Nateete, nyuma ya steji ya teksi, vile vigae vya rangi vinavyopigwa kwa mashine kimoja kimoja. Mwenye kiwanda tulimwita Ssalongo, jina wanalopewa baba wa mapacha huku Buganda, na sikumbuki mtu yeyote akimwita kwa jingine. Wateja wake walitaka sakafu zenye nakshi. Mimi nilizipanga nakshi hizo kwa kompyuta na kutoa orodha: vigae vya aina hii vingapi, vya aina ile vingapi.

Nitaieleza kazi yenyewe, maana najua chuoni mmefundishwa kwa herufi za Kigiriki na hamkuuliza ni za nini. Chukua sakafu. Weka sifuri kwenye kigae cha katikati. Kila kigae kingine kina namba mbili kamili: hatua ngapi kulia, hatua ngapi mbele. Kushoto na nyuma ni hasi. Mteja anataka sakafu ambayo ukiizungusha robo duara inaonekana ileile, na ukiikunja kati kama leso, nusu moja inalala juu ya nusu nyingine bila kupishana. Basi ukikipa rangi kigae cha tatu-moja, umeshawapa rangi na ndugu zake: moja-tatu, hasi tatu-moja, na kuendelea, jumla wanane. Vitabuni jamaa hawa huitwa obiti. Mimi niliwaita ukoo, na mafundi walinielewa siku hiyohiyo. Programu inazitafuta koo zote za sakafu, inachagua mkubwa mmoja katika kila ukoo, mteja anamchagulia huyo mkubwa rangi, na ukoo mzima unavaa sare.

Namna ya kuutafuta ukoo ni rahisi, na ndiyo maana watu huiharibu. Anza na kigae kimoja. Kizungushe robo, andika unakoangukia. Kikunje, andika unakoangukia. Kila kipya ulichokiandika kifanyie vilevile. Ukirudi kwa uliyemwandika tayari, usimwandike tena. Wapya wakiisha, ukoo umekwisha. Hilo la kutomwandika mtu mara mbili lishikeni vizuri, kwa sababu nitaligusa tena na sitajisifu.

Aliwahi kuletwa kwetu mhandisi mmoja, Brayan, mwenye shahada mbili na saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo. Alipewa bafu la vigae vya pembe sita. Vigae hivyo unavizungusha moja ya sita ya duara, na Brayan akatumia kosaini na desimali zake alizosomea kwa mkopo. Kigae kilichotoka kwenye tatu, baada ya kuzungushwa mara sita, kinapaswa kurudi kwenye tatu. Chake kilirudi kwenye mbili nukta tisa tisa tisa, tisa nyingi. Kompyuta ikasema huyu ni mgeni, sijawahi kumwona, ikamwandika, ikamzungusha tena. Kufikia chakula cha mchana bafu lilikuwa na vigae elfu arobaini na bado lilikuwa linakua.

"Hilo bafu ni la nani?" nikamuuliza. "La uwanja wa ndege?"

"Madamu, tatizo ni kompyuta haina nguvu," akanijibu, na Ssalongo karibu anunue nyingine.

Nilimwonyesha kwamba ukilaza mhimili mmoja kidogo, ufuate mistari ya vigae vyenyewe, desimali haina kazi. Kigae cha a-b kinazunguka kwenda hasi b, a jumlisha b. Namba kamili tupu. Fanyeni mara sita kwa kidole mezani, mtarudi nyumbani. Saa yake ikalia palepale. Nafikiri mapigo yalipanda.

Nimemcheka Brayan vya kutosha. Kosa lake lilikula nusu siku.

Langu lilianza na ukumbi wa kwaya moja kule Lubaga. Ulikuwa mraba, vigae arobaini na moja kwa arobaini na moja, na katikati mwenyekiti wa kamati yao, Mama Namutebi, alitaka kigae kimoja chenye ua kubwa la aina yake. Kwa mpangaji nakshi huo ni ukumbi wa ndotoni. Nilikuwa na programu mpya niliyoiandika mwenyewe na niliipenda kuliko ilivyostahili. Ssalongo aliipenda kunizidi. Mke wake alikuwa ameifumia kompyuta kitambaa cha kroshia, na mteja akija, Ssalongo alikifunua taratibu kama anayemwonyesha mtoto mchanga. "Hii haina njaa," alikuwa akisema, "haina ndugu, haiendi maziko." Wapiga vigae walikuwa wakisimama pale, wenye njaa, wenye ndugu, wakisikiliza.

Programu ilikuta koo mia mbili thelathini na moja. Kila ukoo ikauandikia vigae vinane. Jumla elfu moja mia nane arobaini na nane. Nikaichapa orodha, nikaisoma kwa sauti ofisini, Ssalongo akapiga makofi mawili.

Fundi wa kuvilaza alikuwa Okello. Baba yake alikuwa askari kutoka kaskazini, naye alikulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, kisichojali ngeli; "nasema" kwake ilikuwa mimi, wewe na karatasi, na Ssalongo alisema vivyo hivyo. Alifunga magoti yake kwa vipande vya mpira wa tairi, na kila kigae alichokilaza alikigonga kwa kifundo cha kidole akisikiliza kama chini kuna uwazi. Kabla ya kupakia mzigo aliisoma orodha yangu, akaja dirishani.

"Madamu, hii ukumbi iko na kitovu ngapi?"

"Kimoja."

"Karatasi nasema ua ya katikati, nane."

Sikuinua hata kichwa. "Kompyuta imezingatia mizunguko yote," nikamwambia.

Sentensi hiyo haina maana. Ichunguzeni mtakavyo, hamtaikuta. Lakini ilikuwa na neno "mizunguko", na ilitoka ndani ya dirisha lenye kompyuta, basi Okello akakunja karatasi akaenda zake. Kiwandani wakapiga maua manane ya katikati.

Baada ya wiki tatu alirudi na pikapu. Nyuma alikuwa na vigae mia moja sitini na saba vilivyobaki, amevifuta vumbi, amevipanga kwa aina, maua saba yakiwa peke yake juu ya gunia. Mwenye akili timamu angemshukuru. Ssalongo alikwenda kuleta karatasi.

"Ukumbi nakula elfu moja mia nane arobaini na nane," akasema. "Wewe narudisha mia moja sitini na saba. Hizo napungua kwa sakafu. Ziko wapi?"

"Ziko hapa, Mkubwa."

"Ndiyo nauliza. Kama ziko hapa, sakafu iko na nini?"

"Sakafu imejaa."

"Najaa namna gani na vigae napungua?"

Kesho yake tulikwenda Lubaga, Ssalongo, Okello na mimi niliyebeba orodha kama katekista. Ssalongo aliitembea sakafu yote akitafuta shimo. Alikwenda mpaka kona zote nne, akainama, akachungulia chini ya jukwaa la kwaya. Shimo hakuliona, kwa kuwa halikuwepo, na hilo ndilo lililomkasirisha. Akatoa tepu akapima mwanya kati ya kigae na kigae. Mwanya ulikuwa mwembamba, wa kawaida kabisa. Akatangaza kwamba amegundua: fundi amepanua mianya kidogo kidogo, amejaza kwa simenti nyeupe, na vigae vilivyopungua vimemezwa humo. Mama Namutebi alikuwa amesimama mlangoni anasikia yote.

"Mkubwa," Okello akasema, "hesabu mstari moja tu. Hapa arobaini na moja. Hapa arobaini na moja. Piga mara."

"Wewe nabishana na kompyuta?"

"Mimi nabishana na nani? Mimi nasema hesabu."

Kalkuleta ilikuwa mkobani mwangu. Niliitoa nikapiga arobaini na moja mara arobaini na moja, kazi ya mtoto wa darasa la nne, ambayo mimi mwenye shahada ya hisabati sikuwa nimeifanya hata mara moja kwa wiki hizo zote. Elfu moja mia sita themanini na moja. Nilitazama zile namba. Nikaizima, nikairudisha mkobani, nikafunga.

Mnataka kujua kwa nini sikusema. Wiki iliyotangulia Ssalongo alikuwa amemwambia mteja kwamba Afrika Mashariki nzima hakuna mwingine kama mimi, na mimi nilikuwa nimeanza kumwamini. Hakuna sababu nyingine. Natamani ningewapa nzuri kuliko hiyo.

Okello alifukuzwa akiwa amesimama juu ya sakafu yake mwenyewe. Ssalongo akamwahidi Mama Namutebi kwamba ataleta fundi wa kweli aje kurekebisha, ahadi aliyoisahau kabla hatujafika barabarani.

Kosa nililipata asubuhi iliyofuata kabla chai ya saa nne haijaletwa. Kigae cha tano-sifuri, kilicho kwenye mstari wa kati, ukikizungusha na kukikunja kwa njia zote nane, kinaangukia sehemu nne tu, kila moja mara mbili. Ukoo wake ni wa wanne. Cha tano-tano, kwenye mstari wa kona hadi kona, vivyo hivyo. Na kile cha katikati ukikizungusha unavyotaka hakiendi popote. Ukoo wake ni yeye peke yake. Programu yangu haikuuliza kama mtu ameshaandikwa. Iliwaandika wote wanane wanane. Koo ishirini za mstari wa kati na ishirini za kona, kila moja ikapewa wanne wa uongo: mia moja sitini. Kitovu kikapewa saba wa uongo. Mia moja sitini na saba kamili. Hesabu ilikaa vizuri mno, na sijawahi kuichukia hesabu iliyokaa vizuri kama nilivyoichukia hiyo.

Chukueni vitu viwili hapo, hata kama mashine yenu inafanya kila kitu. Kwanza, ukimaliza, jumlisha watu wa koo zote uone kama ni sawa na sakafu. Anayeruka hatua hiyo ana haraka ya kwenda kuaibika. Pili, ukubwa wa ukoo lazima uigawe idadi ya njia za kuzungusha na kukunja bila kubakiza. Njia ni nane, basi koo ni za mmoja, wawili, wanne au wanane. Ukiona ukoo wa watu saba, usitafute maelezo ya kitaalamu. Tafuta mstari wa programu uliouandika ukiwa na usingizi.

Nilirekebisha mistari mitatu. Kisha nikakaa kimya siku tisa.

Siku ya tisa sakafu nyingine ilimalizika, na safari hii hakuna kigae kilichobaki wala kupungua. Ssalongo alifurahi. Aliwaita wapiga vigae wote uani. "Mnaona?" akasema. "Tulifukuza mtu wa mianya, hesabu nakaa sawa."

Hapo nilishindwa. Nikamwambia mbele yao wote kwamba kosa lilikuwa la programu, programu ni yangu, na kwamba nililijua nikiwa bado nimesimama Lubaga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ofisini, nikamfuata. Akaifunika kompyuta kwa kitambaa chake, akakinyoosha pembe.

"Nnyabo," akasema, yaani bibi, kwa Kiganda cha heshima, "hayo ni mambo ya ndani."

"Utamrudisha Okello?"

"Nimeshaambia wateja yeye naharibu. Sasa niambie wateja mimi naharibu?"

Mwisho wa mwezi nilikuwa sina kazi. Hakunifukuza, alileta tu Brayan akae kwenye kiti changu, na mimi nikabaki nimesimama.

Okello nilimkuta mtaa wa Kamwokya. Aliyenielekeza alisema nifuate spika ya duka la muziki, saluni iko pembeni yake. Alikuwa amepiga magoti mlangoni pa saluni, analaza vipande vya vigae vilivyovunjika, vile vya kuokotwa, bila nakshi yoyote. Kazi ya Lubaga na jirani zake ilikuwa imemkauka. Habari za mianya zilifika kila mahali. Nilisimama juani nikamweleza yote, mstari wa kati, mstari wa kona, siku tisa. Ilibidi nipaze sauti kwa sababu ya muziki, na wasukaji wakaacha nywele za watu wakasikiliza. Yeye hakuacha kugonga vipande vyake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua kama programu imekosea?"

"Hiyo kila mtu anajua, mwenye macho. Nilijua wewe najua. Nilikuona nabonyeza kalkuleta. Nikangoja."

Niliusogeza mkoba nyuma ya mgongo.

"Nilingoja mpaka ulifunga mkoba," akasema.

"Samahani, Okello."

Aligonga kipande kingine, akakisikiliza, akakitoa, akaongeza simenti chini. "Samahani ni ya mimi na wewe. Yule mama wa Lubaga nadhani mimi naharibu sakafu yake. Enda umwambie yeye. Na mimi nikuwe hapo."

Tulikwenda Jumamosi, kwaya ikiwa mazoezini. Mama Namutebi aliwanyamazisha waimbaji, akasikiliza, kisha akasema hataki maelezo, tuhesabu. Sauti za kwanza akazipanga ukuta wa kushoto, besi ukuta wa nyuma. Sauti za kwanza zikapata arobaini na moja. Besi mmoja akapata arobaini na mbili, akarudishwa mwanzo huku wenzake wakimtazama, akapata arobaini na moja. Mama Namutebi akapiga mara kwa kalamu nyuma ya karatasi ya wimbo, pole pole, akibeba mkononi kama tulivyofundishwa sote. Alipomaliza akanitazama.

"Wewe ndiye uliyesoma?"

"Ndimi."

"Na huyu?"

"Huyu ndiye aliyehesabu."

Hakucheka. Alimwuliza Okello kama anaweza kuwawekea vigae kwenye baraza la nje. Okello akasema anaweza. Akaulizwa orodha ya vigae itatoka wapi, maana kwa Ssalongo hawarudi. Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu atapanga."

Sijawahi kuipanga sakafu kwa hofu kama lile baraza. Lilikuwa la mstatili, vigae thelathini kwa nane. Mstatili hauzungushwi robo, vigae vinaishia bustanini. Unazungushwa nusu na kukunjwa kwa njia mbili, basi, kwa hiyo ukoo hauzidi wanne. Thelathini ni shufwa, nane pia ni shufwa, hakuna kigae cha katikati, sifuri inaangukia kwenye mwanya. Unazidisha kila namba kwa mbili ili nusu zisikusumbue. Hakuna kigae kinachokaa kwenye mstari wa kati, basi koo zote ni za wanne, koo sitini. Mia mbili arobaini. Nikapiga thelathini mara nane kwenye kalkuleta, nikapiga tena kwenye karatasi, nikapiga tena kichwani ndani ya teksi.

Nilimkuta Okello pale barazani anachekecha mchanga. Nikampa orodha. Alijifuta mikono, akaketi juu ya mfuko wa simenti, akatoa penseli nyuma ya sikio, akaanza kutoka juu. Alihesabu kila mstari wa orodha, aina moja baada ya nyingine, kidole kikishuka, midomo ikienda. Katikati alipotea, akarudi mwanzo. Jua lilikuwa limepanda. Nilisimama mbele yake na mkoba wangu begani, sikumharakisha, sikumwambia nimeshahakikisha mara tatu.

Alipofika chini aliikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati. Kisha akachukua koleo akaanza kukoroga simenti.